Kelele Zenye Mpango: Namna ya Kuzisikiliza Albamu za Roki na Metali

Orodha ya albamu za roki na metali ninazozipenda haina adabu. Ndani yake imo ile ya nne ya Led Zeppelin, kazi iliyorekodiwa kwa uangalifu mkubwa, na jirani yake ipo Transilvanian Hunger ya Darkthrone, ambayo mtu asiyezoea husikia kama redio iliyopoteza mawimbi. Imo ...And Justice for All ya Metallica, dakika 65 za muziki ambao gitaa lake la besi halisikiki. Wamo Meshuggah, bendi inayokulazimisha uhesabu. Watu huniuliza: wewe hasa unapenda nini, kazi safi au kazi chafu?

Swali lenyewe limeanzia pabaya. Wimbo wa kawaida unaweza kuuvua rekodi yake, ukaupiga sebuleni kwa gitaa kavu, na ukabaki kuwa wimbo uleule. Metali haivuliki hivyo. Namna gitaa linavyokwaruza, umbali wa maikrofoni kutoka kwenye dramu, kiasi cha mwangwi kilichoachwa, hata uamuzi mbovu wa mtu aliyekaa mezani kuchanganya sauti, yote hayo ni sehemu ya utunzi. Ukilishika hilo, yale majina ya kutisha ya aina za metali hupungua makali. Kila aina ni jibu la swali moja: kelele hii tuipange vipi?

Tuanze na kelele yenyewe. Gitaa la umeme likipigwa taratibu, amplifaya hutoa wimbi la sauti lenye vilele vya mviringo. Ukiisukuma amplifaya kupita uwezo wake, inashindwa kuvifikisha vile vilele, hivyo inavikata. Wimbi lililokatwa vichwa huzaa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwa na nguvu hiyo kwenye uzi, na hapo ndipo tunaposikia gitaa likikwaruza. Wanamuziki waliipenda dosari hii mapema. Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli akapata mlio wa "Rumble," wimbo uliotoka 1958. Dave Davies wa The Kinks aliichana spika yake kwa wembe, na matokeo yake ni "You Really Got Me" ya 1964.

Ila mkwaruzo una masharti yake, na masharti hayo ndiyo yaliyoamua metali isikike inavyosikika. Noti mbili zikipita pamoja kwenye amplifaya iliyozidiwa, hazitoki mbili. Hutokea pia noti mpya, na mojawapo ni ile tofauti kati ya hizo mbili. Uzi mnene wa gitaa hutetema kama mara 82 kwa sekunde. Ukiupigia pamoja na noti ya tano juu yake, inayotetema kama mara 123, tofauti ni 41, yaani nusu kamili ya 82. Hiyo ni noti ileile, ngazi moja chini, mahali ambapo uzi mnene kabisa wa besi unakaa. Vidole viwili tu, na gitaa limepata kifua ambacho halikuzaliwa nacho.

Sasa ongeza noti ya tatu, ile inayoamua kama sauti iwe ya furaha au ya huzuni. Tuseme ya furaha, inayotetema kama mara 104. Kutoka 82 hadi 104 ni 22 hivi, kutoka 104 hadi 123 ni 19 hivi. Tofauti hizo mbili hazikubaliani, zinagongana huko chini na kutoa tope. Ndiyo sababu wapiga gitaa wa metali huiacha noti ya tatu. Wanabaki na noti mbili zisizo na furaha wala huzuni, tupu na ngumu. Watu wamepoteza muda mwingi wakimtafuta shetani kwenye muziki huu, kumbe sehemu kubwa ya ule ukali ni hesabu ya kutoa.

Kwenye uwanja huo ndipo alipoingia Tony Iommi wa Birmingham. Akiwa na miaka 17, mashine ya kiwanda cha mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa anapiga kwa kushoto, mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi, kwa hiyo ajali ilimpiga pale pale penye kazi. Msimamizi wake kiwandani alimpelekea rekodi ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeendelea kupiga baada ya moto kumharibu vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, kisha akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza.

Albamu ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath, ilirekodiwa kwa siku moja, Oktoba 1969, ikatoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970. Inafunguka kwa rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia na kuubeba wimbo, na rifu hiyo ina noti tatu tu: moja, kisha ileile ngazi moja juu, kisha ya tatu iliyo katikati kabisa ya hizo mbili. Noti ya katikati haiegemei upande wowote. Sikio linaisubiri ishuke au ipande, nayo inang'ang'ania palepale. Bendi nyingi zimejaribu kutisha watu kwa vitu vingi zaidi na zikashindwa.

Hata hivyo, ninayoirudia mara kwa mara ni ya tatu, Master of Reality ya 1971. Hapo Iommi, kwenye nyimbo kama "Into the Void" na "Children of the Grave," alizilegeza nyuzi nusu hatua tatu. Ule uzi wa mitetemo 82 ukashuka hadi 69. Nyuzi zilizolegea zilikuwa nafuu kwa vidole vyake, lakini pia zilitoa mlio mpana, mzito, unaochelewa kidogo kuitikia mkono. Geezer Butler naye akaifuata kwa besi huko chini. Ni dakika 34 tu za muziki, na bendi zote za mwendo wa kobe zilizokuja baadaye zinakula kutoka kwenye sahani hiyo.

Mwaka huohuo ilitoka albamu ya nne ya Led Zeppelin. Si metali, nakubali, ingawa ubishi huo sina hamu nao. Nimeiweka kwenye orodha kwa sababu ya dramu za wimbo wa mwisho, "When the Levee Breaks." Maneno yake ni ya Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, waliourekodi mwaka 1929 kuhusu mafuriko ya mto Mississippi ya 1927. Led Zeppelin walikuwa wamejichimbia Headley Grange, jumba kuukuu la mashambani Uingereza. Fundi sauti Andy Johns aliziweka dramu za John Bonham chini ya ngazi, ukumbini, akaning'iniza maikrofoni mbili juu kwenye ngazi, basi. Hakuna maikrofoni iliyosogezwa karibu na ngoma kubwa.

Sikiliza sekunde za mwanzo kabla ya vyombo vingine kuingia. Unachosikia ni Bonham pamoja na kuta, dari na hewa ya ule ukumbi. Kila pigo lina mkia, na mwendo wa wimbo ni wa polepole kiasi kwamba mkia unamalizika kabla ya pigo linalofuata. Kama angepiga haraka maradufu, mikia ingelaliana na ule ukubwa ungegeuka fujo. Mwendo na chumba vinategemeana, na somo hilo ndilo lililowatesa watu wa thrashi miaka kumi na mitano baadaye.

Thrashi ni metali iliyokimbizwa. Fikiria mpiga gitaa anayegonga uzi mara saba kwa sekunde. Ukimpa mwangwi wa sekunde moja, masikio yako yanapokea mapigo saba yaliyopandana. Albamu nyingi za metali za kasi za miaka ya themanini zinaugua ugonjwa huu. Waliozirekodi walitaka ziwe kubwa kama kanisa, wakasahau kwamba kanisani huwezi kusikia mtu anayezungumza haraka.

Aliyekata mzizi wa fitina ni Rick Rubin. Kufikia 1986 Rubin alikuwa mtu wa hip hop, mmoja wa waanzilishi wa lebo ya Def Jam, aliyeshughulikia kazi za LL Cool J na Beastie Boys. Alipowachukua Slayer aliondoa mwangwi karibu wote. Linganisha Hell Awaits yao ya 1985 na Reign in Blood ya mwaka uliofuata: bendi ni ileile, ila kwenye ya pili ukungu umeondoka na kila pigo la Dave Lombardo limesimama peke yake, kavu, puani kwako. Kwa kuwa kila kitu kinasikika, hakuna haja ya kurudia. Nyimbo kumi zinamalizika ndani ya dakika 29 hivi, na kwenye kaseti albamu nzima ilitosha upande mmoja, ikarudiwa upande wa pili.

Maneno yake ni suala jingine. Wimbo wa kwanza, "Angel of Death," unahusu ukatili wa Josef Mengele, daktari wa Wanazi kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz, na kampuni ya Columbia ilikataa kuisambaza albamu hiyo. Ikaja kupita kwa kampuni ya Geffen. Mimi huusikiliza kama maelezo ya uovu na si sifa kwake, lakini simlaumu anayeuruka.

Fundi aliyekaa na Rubin kwenye kazi hiyo aliitwa Andy Wallace, na jina lake linafaa kukaririwa. Ndiye aliyechanganya sauti za Nevermind ya Nirvana mwaka 1991, na ndiye aliyechanganya Arise ya Sepultura mwaka huohuo, kisha akaisimamia Chaos A.D. yao ya 1993. Bendi hizi tatu hazifanani, lakini ukizisikiliza mfululizo unasikia mkono mmoja: dramu ziko mbele, kila kitu kina nafasi yake, na makali yamebaki. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, baadaye alilalamika kwamba Nevermind imepigwa pasi kupita kiasi, ndipo In Utero ya 1993 ikarekodiwa na Steve Albini, mtu wa kuweka maikrofoni mahali pazuri na kuiacha bendi ijikwaruze yenyewe. Ninazipenda zote mbili, na ningekushauri usome nyuma ya jalada nani alikaa mezani kabla hujasoma jina la aina ya muziki.

Metallica wanahitaji nafasi zaidi, kwa sababu wao wanaonyesha jambo lingine: albamu kama mpangilio. Zichukue tatu mfululizo, Ride the Lightning ya 1984, Master of Puppets ya 1986 na Justice ya 1988. Mbili za kwanza zinafunguliwa na gitaa lisilo na mkwaruzo kabla ya kibao cha kasi kukuvamia. Zote tatu, wimbo wa nne ndio ule unaoanza kwa upole na kumalizikia kwa hasira: "Fade to Black," "Welcome Home (Sanitarium)," na "One." Zote tatu zina kipande kirefu cha ala tupu kuelekea mwisho. Ukiwa na santuri unaelewa mara moja. Wimbo wa nne ndio unaofunga upande, na baada yake mtu anainuka kwenda kugeuza au kubadilisha santuri. Ule ukimya wa kugeuza santuri uliingizwa kwenye hesabu, na siku hizi tukiacha nyimbo zijipange zenyewe kwenye simu, tunaupoteza.

Master of Puppets, iliyorekodiwa Copenhagen na Flemming Rasmussen, ndiyo iliyo kamili zaidi, sina ubishi. Ilikuwa pia ya mwisho kwa mpiga besi Cliff Burton, aliyefariki Septemba 1986 basi la bendi lilipopinduka Sweden. Ukitaka kumsikia akipumua nenda kwenye "Orion," ambako besi inaongoza kama gitaa la pili.

Halafu ikaja Justice, na besi ikayeyuka. Mpiga besi mpya, Jason Newsted, alirekodi sehemu zake vizuri, lakini kwenye albamu utazitafuta kwa tochi. Steve Thompson, mmoja wa waliochanganya sauti, amesema hadharani kwamba Lars Ulrich, mpiga dramu, ndiye aliyetaka besi ishushwe. Pia kuna sababu ya kiufundi inayosahaulika. Newsted alikuwa akilifuata gitaa la James Hetfield noti kwa noti, na gitaa hilo lilikuwa limeondolewa sauti za katikati na kujazwa za chini. Vyombo viwili vikigombea kiti kimoja, mmoja lazima asimame, na mgeni ndiye aliyesimama.

Sasa, kwa nini naipenda albamu yenye kasoro ya wazi namna hii? Kwa sababu nyimbo zake ni baridi na zenye kona nyingi, zinazungumzia mahakama zilizonunuliwa, vita, na askari aliyebaki kichwa tu kinachofanya kazi. Ule ukavu unaendana na maneno. Mashabiki wamejitengenezea matoleo ya mtaani yaliyopandishwa besi, nimeyasikiliza, yanapendeza zaidi masikioni ila yananigusa nusu tu. Ubaridi umeondoka.

Mwishoni mwa miaka ya themanini kelele ikagawanyika kijiografia. Huko Tampa, Florida, studio ya Morrisound na fundi wake Scott Burns walikuwa wakiipanga dethi metali, ile metali nzito ya waimbaji wanaonguruma, kwa usafi: dramu za miguu miwili zinahesabika, magitaa yamenyooka. Human ya bendi iitwayo Death, ya 1991, ndiyo ninayompa mtu anayedhani muziki huu ni vurugu. Chuck Schuldiner, kiongozi wa bendi, alikusanya wapigaji wenye masikio ya jazi, na besi ya Steve Di Giorgio inatembea kwa uhuru chini ya magitaa.

Stockholm walikwenda njia nyingine. Kwenye studio ya Sunlight, chini ya Tomas Skogsberg, Entombed walirekodi Left Hand Path ya 1990 kwa kutumia pedali ndogo ya Boss iitwayo HM-2, kisanduku cha kukanyaga kinachobadili mlio wa gitaa. Pedali hiyo ina vitufe vinne vya kuzungusha: kimoja cha ukubwa wa sauti, kimoja cha sauti za chini, kimoja cha za juu, na kimoja cha mkwaruzo. Mtu mwenye busara angevipima. Wao wakavizungusha vyote hadi mwisho. Mlio uliotoka ni wa msumeno wa umeme unaokata ubao mbichi, na hadi leo bendi inayotaka kusikika Kiswidi hununua pedali hiyohiyo na kufanya upuuzi uleule.

Kuhusu sauti za waimbaji, niseme kwa ufupi maana watu hukwama hapo. Ule mngurumo si kupiga kelele. Kooni, juu ya nyuzi za sauti, kuna mikunjo mingine ambayo kwa kawaida haitumiki kuongea. Mngurumaji mzuri huitetemesha hiyo na kuziacha nyuzi halisi bila mkazo mkubwa, ndiyo sababu wapo wanaofanya kazi hii miongo mitatu na bado wanaongea vizuri. Mngurumo hauna noti inayoeleweka, kwa hiyo hufanya kazi ya dramu kuliko ya mwimbaji. Ukiacha kumsubiri aimbe, mambo yanakuwa mepesi.

Kwenye Sunlight hiyohiyo walipita vijana kutoka Norway. Darkthrone walirekodi huko Soulside Journey, iliyotoka 1991, dethi metali ngumu na yenye ufundi. Kisha wakaligeuzia mgongo soko na studio. Kufikia Transilvanian Hunger ya 1994, Fenriz alikuwa anapiga vyombo vyote peke yake nyumbani, kwenye mashine ya utepe yenye njia nne, na Nocturno Culto anaongeza sauti tu. Hawa walijua kurekodi vizuri. Ule uchafu waliuchagua.

Na uchafu huo una kazi. Mpiga thrashi anataka usikie kila pigo la uzi. Fenriz anagonga uzi haraka bila kupumzika, na kinasa sauti hafifu kinameza kingo za mapigo hadi yanaungana kuwa mstari mmoja unaoteleza. Kwenye mstari huo kuna wimbo, wa huzuni, mrefu, rahisi kuukariri. Dramu hazibadiliki karibu wimbo mzima, hivyo baada ya dakika mbili unaacha kuzisikia. Ungeirekodi albamu hii kwa fedha nyingi, dramu zingekaa mbele na wimbo ungefutika.

Siwezi kuisifu na kunyamazia mengine. Maneno ya nyimbo nne aliandika Varg Vikernes, ambaye mwaka huohuo wa 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa kumuua mpiga gitaa Øystein Aarseth na kuchoma makanisa, na toleo la kwanza lilikuwa na kauli ya kibaguzi nyuma ya jalada, iliyoondolewa baadaye. Msikilizaji mwingine akisema hiyo inatosha kuiacha, ana hoja. Mimi naisikiliza nikiyajua hayo, na haijawahi kuwa albamu ninayompa mtu zawadi.

Meshuggah, kutoka Umeå, Sweden, nao walileta hesabu. Kwenye obZen ya 2008 magitaa yamelegezwa hadi yanakaribia besi, na karibu hakuna wimbo wa kuimba pamoja nao. Siri iko kwenye kuhesabu. Tuseme rifu ina mapigo madogo 23, wakati dramu zinahesabu kwa mafungu ya 16, yaani nne mara nne kama wimbo wowote wa kuchezea. Rifu ikirudiwa inaanzia mahali papya kila mara, kama inateleza juu ya dramu. Baada ya mara tano imekula mapigo 115. Mafungu manane ya dramu ni 128. Yamebaki 13, basi wanaipiga rifu nusu, wanaikata bila huruma, na wote wanatua pamoja kwenye pigo la kwanza.

Anayeisikiliza mara ya kwanza hufuata gitaa na kupotea. Fuata tasa, ile sahani inayolia kwenye dramu. Mkono wa Tomas Haake kwenye tasa unahesabu nne kwa utulivu, ukiushika huo kichwa kinaanza kutikisika chenyewe, na magitaa yanaonekana kukuzunguka. Ninaipenda siku za kazi, jioni inachosha.

Roots ya Sepultura, ya 1996, inakuja mwisho wa njia hii kwa sababu inarudisha ngoma mahali pa gitaa. Bendi hiyo ya Belo Horizonte, Brazili, ilikwenda Mato Grosso kurekodi na Waxavante, wenyeji wa asili wa huko, na mpiga ngoma Carlinhos Brown akaleta vyombo vyake vya kupiga. Max Cavalera yeye hutumia gitaa lenye nyuzi nne, nyembamba mbili amezitoa kabisa. Kwa muziki wa noti mbili, za nini?

Limebaki suala la ukubwa wa sauti, ambalo limeharibu albamu nyingi za miaka ya karibuni kuliko watunzi wabaya. CD ilipotawala, lebo ziligundua kwamba wimbo wenye sauti kubwa zaidi hunasa sikio haraka. Lakini CD ina dari, huwezi kupita hapo. Njia pekee ni kuzipandisha sehemu zenye sauti ndogo na kuvikata vilele, hadi kila kitu kinakuwa kikubwa sawasawa. Death Magnetic ya Metallica, iliyotoka Septemba 2008, ndiyo kesi mashuhuri. Fundi wa hatua ya mwisho, Ted Jensen, alisema kazi ilimfikia ikiwa tayari imebanwa hadi mwisho. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo zilezile kwenye mchezo wa Guitar Hero hazikubanwa hivyo, wakaanza kuzirekodi kutoka kwenye mchezo na kupeana.

Mkwaruzo wa Iommi na mkwaruzo huu vinatoka kwenye kanuni ileile ya kukata vilele. Tofauti ni nani amekatwa. Iommi aliukata mlio wa gitaa lake tu, dramu zikabaki na uhuru wa kuruka. Hapa kimekatwa kila kitu kwa pamoja, na pigo la dramu halina tena pa kupandia.

Kinachonichekesha ni kwamba prodyuza wa Death Magnetic alikuwa Rick Rubin. Siku hizi huduma nyingi za muziki mtandaoni huzishusha zenyewe nyimbo zilizobanwa ili zilingane na nyingine, kwa hiyo ile faida ya kupiga kelele imekwisha na hasara imebaki. Washa usawazishaji huo wa sauti, cheza wimbo wowote wa Death Magnetic, kisha "Angel of Death." Ile ya 1986, yenye bajeti ndogo na bila mwangwi, ndiyo itakayokufanya ukimbilie kitufe cha sauti.